Mate Mekundu

Kwa miaka mingi mate yangu yalikuwa mekundu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilikuwa mtu wa tambuu. Mke wangu alipanda mtambuu uani, ukautambaa ukuta mpaka juu, na kila baada ya chakula nilichuma jani, nikalipaka chokaa, nikatia popoo na katu, nikalikunja na kulisukuma shavuni. Meno yangu yalikuwa na rangi ya tofali. Kilimi cha nzumari yangu nacho kilikuwa na rangi hiyo hiyo, na mimi nilikiona kizuri.

Niseme kwanza nzumari ni nini kwangu, maana wengi siku hizi wanaijua kwa jina tu. Siku za kawaida mimi ni fundi wa kanzu hapa Malindi, nimekaa na cherehani yangu barazani, nagombana na wateja wanaotaka kila kitu jana. Siku ya harusi ndipo napata heshima yangu. Nampulizia bwana harusi kutoka mlangoni kwao hadi mlangoni kwa bibi harusi. Kilimi, yaani kile kipande cha jani la mvumo kinacholia, kinaingia chote mdomoni. Midomo inakandamiza kisahani, kile kiduara kilicho chini ya kilimi, na nyuma ya midomo yapo meno ya mbele, ambayo ndiyo yanayobeba uzito wote. Pumzi unaivuta kwa pua huku mashavu yanasukuma ile iliyobaki, kwa hiyo sauti haikatiki.

Na isikatike kweli. Mtaani kwetu nzumari ikishaanza kulia kwa bwana harusi hainyamazi mpaka kwa bibi. Ikinyamaza njiani, mabibi waliokaa barazani hutazamana. Hawasemi kitu siku ile. Lakini ndoa ikija kuyumba, hata baada ya miaka, utawasikia: si ile nzumari ilikatika pale kwenye duka la mkate? Mimi haijanikatikia hata mara moja. Hayo ni majivuno, najua, na sina haja ya kuyaficha.

Basi mwanangu wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi Mtwapa, akapata mchumba hapa hapa Malindi. Harusi ikapangwa Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Tulikuwa Ramadhani, muda ulikuwapo wa kutosha, na mimi nilishaanza kufikiri nitampulizia wimbo gani kwanza.

Siku moja ya mwezi ule ule nilikwenda msikitini kwa sala ya alasiri. Nikakaa kwenye bomba kutawadha, nikasukutua, nikatema. Jirani yangu mmoja, mzee mwenzangu aliyekuwa akitawadha kwenye bomba la pili, akasimamisha mkono wake hewani. Alikuwa akitazama maji yangu yakielekea mferejini.

"Sheikh," akasema, kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka mlangoni. "Mchana wa Ramadhani, wala tambuu?"

Watu wakageuka. Sijui kama umewahi kutuhumiwa kula mchana wa Ramadhani mbele ya watu unaosali nao. Nilihisi masikio yanawaka. Nikasimama, nikamkaribia uso kwa uso, nikaachama kinywa chote.

"Iko wapi? Nionyeshe! Iko wapi hiyo tambuu?"

Uso wake ukabadilika. Akainama kidogo, akatazama ndani ya mdomo wangu namna mtu anavyotazama ndani ya mtungi asioujua.

"Hebu fungua tena," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini kweli. "Ndugu yangu, nisamehe. Hiyo si tambuu. Hiyo ni damu. Na meno haya ya mbele yamekuwa marefu, hayakuwa marefu hivi."

Nikamwuliza kuhusu swaumu yangu, kwa sababu ndilo lililonijia kwanza. Akaniambia nitemee nje, nisimeze, na nikamwone daktari. Nilisali sala ile bila kujua nimesoma nini.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye kioo cha kabati la mke wangu. Nikaisukuma midomo juu na chini kwa vidole. Fizi zilikuwa nyekundu kuiva, zimevimba, zimejitenga na meno kama kanzu isiyokaa begani. Nikabonyeza moja, pakatoka usaha. Kisha nikashika jino la mbele la juu nikalitikisa. Likatikisika. Nikashika la pili, nalo likaniitikia. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikakaa kitandani, na mke wangu alipoingia akadhani nimepokea habari ya msiba.

Sikuwa na maumivu. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Ugonjwa ule ulikuwa umekaa mdomoni mwangu kwa adabu, haupigi kelele, na kila ulipojionyesha nikasema ni tambuu.

Daktari wa meno wa hapa mjini alikuwa mtu mzima, mpole, asiye na maneno mengi. Akagongagonga, akatikisa, akaguna. Akasema meno manne ya mbele, mawili ya juu na mawili ya chini, mfupa unaoyashika umeliwa. Angeyatoa, kisha baadaye angenitengenezea ya bandia, na hakuna atakayejua.

"Mimi nitajua," nikamwambia. "Napuliza nzumari."

Akatabasamu kana kwamba nimemwambia napenda halua.

Hakumjua mjomba wangu. Mjomba ndiye aliyenifundisha kupuliza, na yeye alipoteza meno ya mbele akiwa na nguvu zake zote. Akawekewa ya bandia. Siku aliyojaribu nzumari, kisahani kilikandamiza, meno yakahama, ikatoka sauti ya mtoto anayelia usingizini. Akaitundika nzumari ukutani juu ya kitanda chake. Toka hapo harusi ikipita mtaani mjomba alikuwa akiingia chumba cha ndani na kufunga dirisha. Hakuwa mgonjwa, alikula, alisali, alitania watu. Ila dirisha alilifunga, na mimi ndiye niliyekuwa napita nje nikipuliza. Nilimfikiria sana mjomba wakati nimelala kwenye kiti kile mdomo wazi.

Yule daktari alipoona siondoki akafuta miwani yake, akasema kuna zahanati Kilifi yenye mashine ya leza. Inatumia mwanga badala ya kisu. Inaingia baina ya jino na ufizi, inachoma nyama iliyooza na kuua vijidudu, na ufizi wenyewe unaweza kurudi kushika jino. Unaweza, akasisitiza. Hakuahidi kitu.

Mke wangu alipolisikia neno mwanga alishika kiuno.

"Wataka kutiwa moto mdomoni? Mdomo wenyewe huo hauvumilii hata chai ya moto!"

Rafiki yangu wa ngoma naye alikuwapo, amekuja kutoka Jilore na gunia la mahindi mabichi. Yeye ni Mgiriama, tumepiga harusi pamoja tangu ndevu zetu hazijaota vizuri, na katika kutafuna tambuu alinishinda mbali. Akiimba huku anatafuna, wanaosimama mbele yake hujuta. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuitaka.

"Musena wangu," akasema, akiniita rafiki kwa Kigiriama, "hapa Malindi wapo vijana wana vipaza sauti. Wakati huu waachie. Mulungu hatakuuliza habari ya nzumari."

Nilimwambia arudi Jilore na mahindi yake. Alikaa mpaka futari, akala kuliko wote.

Baada ya Idi tukaenda Kilifi, mimi na mwanangu. Alichukua ruhusa kazini, akasema anataka kusikia kwa masikio yake mwenyewe, kwa kuwa mimi huwa nasikia nusu ya maneno ya daktari, ile nusu ninayoipenda. Zahanati ilikuwa nyeupe na baridi. Daktari alikuwa mwanamke kijana wa bara. Alinisalimu shikamoo vizuri kabisa, nikafurahi, kisha akaharibu.

"Mzee, hii ufizi iko na shida mbaya sana."

Kiswahili kile kilinikwaruza kuliko vyombo vyake. Lakini mikono yake ilikuwa mingine. Alinichoma kidole kupima sukari, akaridhika. Akachukua kipimo chembamba mfano wa sindano ya kushonea, akakiingiza kando ya kila jino, na kila kilipozama akamtajia msaidizi wake namba. Mbili. Tatu. Mbili. Nikaanza kupumua. Alipofika mbele, sauti yake ikapungua kasi. Saba. Sita. Saba. Nane. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na mlango, na kwa pembe ya jicho nilimwona anahama kutoka mguu huu kwenda ule.

"Hii ya nane," daktari akasema, "ni hii ya chini hapa. Nitajaribu. Hizi zingine niko na matumaini nazo. Hii, sijui."

Akanipiga sindano ya ganzi, hapa, na hapa, na hapa, mpaka mdomo wangu ukawa wa mtu mwingine. Akanivisha miwani ya rangi iliyonifanya nione kila kitu cha kijani, akamvisha na mwanangu, akavaa na yeye. Akaniambia nikitaka kusimama niinue mkono wa kushoto. Nikaona waya mwembamba mno, ncha yake ikimetameta, ukija kwenye mdomo wangu.

Sikusikia uchungu. Nilisikia mlio mdogo mdogo wa mashine, na mara kwa mara mnyunyizo wa maji, na msaidizi akivuta mate kwa mrija. Kisha harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu ya unywele ulioungua. Nikajua ni mimi ninayeungua. Miguu ikakakamaa, na mkono wa kushoto ukaanza kupanda peke yake. Nikaushika kwa mkono wa kulia. Kichwani nilianza kupuliza. Nilivuta pumzi kwa pua kama vile niko njiani na watu nyuma yangu, nikaitoa taratibu, nikavuta tena kabla haijaisha, nikaupita wimbo wa kwanza, nikaingia wa pili. Sijui ilikuwa muda gani. Najua daktari aliposema "hii ya mwisho sasa" nilikuwa nimepuliza harusi nzima na shati limelowa.

Aliponiinua akanionyesha pamba. Damu ilikuwa kidogo kuliko ile niliyokuwa nikiitema kila siku.

Masharti yake aliyasema akimtazama mwanangu, si mimi. Vyakula laini tu. Pale alipopita leza pasiguswe kwa mswaki, wa dukani wala wa mti, mpaka aseme yeye. Nisukutue kwa dawa aliyonipa. Hakuna tambuu, si ya wiki hii, ya maisha. Hakuna kupuliza kitu chochote.

"Hata chai?" nikauliza kwa ule mdomo uliokufa ganzi, na mate yakanidondoka kifuani.

"Hata chai, mzee. Iwache ipoe yenyewe."

Siku zilizofuata nilikuwa mtu mbaya, na waliokaa nami wanajua. Nilikula uji, nikala mtori, nikala ndizi za nazi zilizopondwa kama za mtoto anayeachishwa ziwa. Mteja mmoja nilimwambia kanzu yake iko tayari tangu zamani ila yeye ndiye hajawa tayari kuivaa, nusura tupigane. Tambuu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Baada ya chakula mkono ulikuwa unakwenda uani wenyewe. Mke wangu akaliona hilo. Siku moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta ukuta mtupu. Mtambuu wote ameukata, majani ameyapanga kwenye kikapu, na mwenzangu wa ngoma amekaa juu ya kinu anakipokea kikapu kwa mikono miwili.

"Nimempa," mke wangu akasema. "Na shina ameling'oa, atalipanda kwake Jilore. Ukitaka kulifuata, barabara waijua."

Ningemjibu ningelia, na sikutaka kulia kwa ajili ya majani.

Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo. Uvimbe ulipungua. Ile rangi ya kuiva ikafifia, fizi zikawa na rangi ambayo sikuwa nimeiona mdomoni mwangu tangu ujana. Mate yalitoka meupe, na mara ya kwanza nilipoyaona kwenye bomba la msikitini nilitazama kushoto na kulia, nikatamani yule jirani awepo. Lakini jino lile la chini bado lilicheza nikiligusa kwa ulimi. Kidogo. Nililigusa mara nyingi kuliko inavyofaa. Nzumari ilikaa ndani ya mfuko wake wa kitambaa juu ya kabati, na harusi ikazidi kusogea.

Nyumbani watu walianza kunong'ona kuhusu vipaza sauti. Shemeji yangu alimjua mtu. Dada yangu alimjua mpulizaji mwingine, wa Mambrui, kijana hodari. Niliwaacha wazungumze, kisha nikasema mwanangu atapelekwa na mimi au atakwenda kimya kimya kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Mwanangu alikuwa ananitazama mdomo.

Tulirudi Kilifi harusi ikiwa imebaki siku chache. Safari hii nilikuja na nzumari ndani ya mfuko wake, nikaificha chini ya koti. Daktari akatazama, hakuingiza kipimo. Alisema bado ni mapema, ufizi usichokozwe. Akayatikisa meno kwa ncha za vidole, moja moja. Juu yote mawili yalikuwa yameshika. La chini la kulia limeshika. Akafika kwenye lile lingine, akakaa nalo.

"Hii imepona kuliko vile nilikuwa nafikiria," akasema. "Lakini bado iko changa. Ni kama mche. Ukiivuta sasa, itatoka."

Ndipo nikaitoa nzumari. Nikamweleza yote, harusi, njia, na kwamba sauti haikatwi. Nilitarajia acheke au akasirike. Aliichukua, akaigeuza, akaweka kidole kwenye kisahani, akaniambia nimwonyeshe bila kupuliza. Nikaishika mdomoni. Akaingiza kidole chake chenye glavu kati ya mdomo wangu na ufizi, akawa anapima pale mzigo unapokaa. Tulikaa hivyo kwa muda, mimi na nzumari na kidole cha daktari, na hakuna aliyecheka.

"Huwezi kubadilisha mahali inabonyeza?"

Nikasogeza kidogo kulia. Akatikisa kichwa. Nikasogeza tena. Akabonyeza tena kwa kidole.

"Hapo. Puliza, lakini hapo. Na ukisikia damu, unawacha. Si ukimaliza wimbo. Hapo hapo. Ukiendelea na damu, hiyo jino utaenda nayo nyumbani kwa mfuko."

Kisha akamgeukia mwanangu. "Umesikia?"

"Nimesikia, daktari," mwanangu akajibu.

Nilitengeneza kilimi kipya. Kile cha zamani kilikuwa kimeshiba wekundu, kisingeniambia kitu. Nikatafuta jani zuri la mvumo, nikalichemsha, nikalikunja, nikalifunga uzi. Kilikuwa na rangi ya majani makavu. Nilitaka nikitoa mdomoni nijue ukweli.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, kichochoro chetu kilijaa mpaka paka akakosa pa kupita. Mwanangu akatoka na joho na kilemba, jambia kiunoni, uso umemkauka kwa haya. Mwenzangu wa Jilore alikuwa na chapuo, ile ngoma yake ndogo, shingoni na shavu limemvimba. Kila mtu ananukia udi. Nikalowesha kilimi, nikakiweka, nikasogeza midomo kulia pale daktari alipopachagua, nikapuliza.

Ilitoka. Ilitoka kali na safi, na nyuma yangu vigelegele vikapanda, na kwa pumzi chache nilisahau kila kitu. Kisha nikakumbuka. Toka hapo sikuusikiliza wimbo tena, vidole viliucheza vyenyewe. Nilikuwa nausikiliza mdomo wangu. Tulipita kwenye duka la mkate. Tulipita kwenye baraza la mabibi, nikawaona wamenyoosha shingo. Jino likaanza kugonga, pigo dogo ndani ya ufizi, linafuata ngoma. Jasho lilinitiririka usoni likaingia kwenye pembe za mdomo, na jasho ni chumvi, na damu ni chumvi. Sikuweza kujua. Nilimeza, nikaonja, sikujua. Nikamwona mjomba wangu akinyoosha mkono kufunga dirisha.

Tukapinda kona ya mwisho. Nikauona mlango wa bibi harusi, migomba miwili imesimamishwa kando yake, watu wameshajaa barazani wanatungoja. Nikajiambia, hapo tu. Hata kama ni damu, hapo tu.

Mkono ukapita juu ya bega langu kutoka nyuma, ukaishika nzumari, ukaishusha.

Kimya kilichofuata sitakisahau. Ngoma nayo ilisimama. Nikageuka nikiwa na hasira za miaka yote niliyopuliza.

"Wafanya nini wewe? Mlango ule pale!"

"Baba, yatosha," mwanangu akasema. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Watoka damu. Tazama."

Akanyoosha kidole kwenye bega la kanzu yangu. Kulikuwa na tone jekundu, bichi, limeanza kutanda kwenye kitambaa cheupe nilichokishona mwenyewe. Nikaliangalia kwa karibu. Katikati ya tone lile palikuwa na chembe ya popoo. Nyuma ya mwanangu, mwenzangu wa ngoma alikuwa ameganda, macho yamemtoka, ulimi unapangusa mdomo polepole. Alikuwa ameimba kwa nguvu mno nyuma yangu, na tambuu yake, ya majani ya mtambuu wangu, ikaniruka begani.

Kwenye baraza la karibu bibi mmoja alikuwa ameshaweka mkono mdomoni. Niliona wengine wanatazamana, kule kutazamana ninakokujua. Mwanangu aliwaona pia. Akawageukia, na yeye ni kijana ambaye ukimwita mbele ya watu hujibu kwa kichwa tu.

"Nimeikata mimi," akasema kwa sauti kubwa. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Chochote kitakachokuja nimekipokea. Baba asilaumiwe."

Halafu mke wangu, kutoka huko nyuma alikokuwa, akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichojaa machozi, wanawake wakakidaka, wakaanza kuimba wenyewe, na chapuo ikaingia.

Nikatoa kilimi, nikakiweka kiganjani. Kilikuwa kimelowa, kina rangi ya majani makavu, vile vile nilivyokitengeneza. Sikuwa nimetoka damu. Jino lilikuwa mahali pake. Pumzi nilikuwa nazo, na mlango ulikuwa pale mbele. Ningesema neno moja, ningewaonyesha ile popoo, tungecheka wote na nzumari ingelia mpaka ndani.

Nilikitia kilimi mfukoni. Nikahama kutoka mbele, mahali nilipokaa maisha yangu yote, nikasimama ubavuni mwa mwanangu, nikamshika mkono. Mabwana harusi wote niliowaongoza mtaani kwetu niliwapa mgongo, na kwa hiyo sikuwa nikijua kwamba mikono yao hutetemeka. Wake ulikuwa unatetemeka sana. Nikaushika mpaka mlangoni.